Meno ya Mwingereza

Kwa miaka yote aliyokaa na kile kiko, Mwalimu wa kwaya hakuwahi kukiwasha. Alikibeba kwenye mfuko wa ndani wa koti, kimefungwa kwa leso. Akikaa mahali atakitoa, atakigeuza, atakichungulia kichwani, kisha atakirudisha. Mgeni angedhani ni mvutaji aliyeishiwa tumbaku. Sisi wa Chapwa, hapa Tunduma, tulijua kwamba mzee yule alichukia moshi kuliko shetani mwenyewe, na kwamba aliwahi kumfukuza mwimbaji wetu bora wa besi kwa sababu tu shati lake lilinuka sigara. Jamaa aliapa kwamba alibanana na mvutaji kwenye basi la kutoka Vwawa. Mwalimu akamwambia, "Basi kaimbe na huyo uliyekuja naye."

Ndivyo alivyokuwa, na sitampamba hapa. Alikuwa mkali, mbishi, na hakujua kuomba radhi. Nimeimba chini yake tangu nikiwa msichana wa kuvaa soksi nyeupe kanisani mpaka nikapata wajukuu, na sikumbuki hata mara moja akiniita kwa jina langu. Watu wote aliwaita kwa sauti zao. Mimi nilikuwa Sauti ya Pili. Tulikuwa wengi wa sauti ya pili, lakini akilitamka lile neno huku ametazama dari, kila mmoja wetu alijua anayetafutwa ni nani, na mara nyingi alikuwa mimi.

Sikio lake lilikuwa balaa. Pale Tunduma malori yanapanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia kuanzia alfajiri, honi zinalia, na Mwalimu alizikosoa kama wanakwaya. "Lile jeupe limeshuka nusu sauti," atasema, halafu ataendelea na chai yake. Mashine ya kusaga karibu na kanisa ilimkera kwa sababu ilikaribia sauti ya do bila kuifikia. Nasi alitutesa kwa kuanzia nyimbo juu. Kila wimbo alitupa sauti ya juu kuliko tulivyoweza, na tukilalamika kwamba makoo yatapasuka anasema, "Pandeni. Mnamwimbia nani huko chini?" Tukapanda. Wazee wa sauti ya nne walikuwa wanatoka mazoezini wanakohoa, wanamsema, na wiki inayofuata wapo mstari wa mbele.

Kazi yake kubwa ilikuwa misiba. Mji wa mpakani una misiba ya namna yake. Watu wetu wanatafuta maisha Zambia, wengine wanapitiliza mpaka Kongo na yale malori ya shaba, na wapo wanaokufa huko na kuzikwa huko kabla habari haijafika. Koo nyingi za hapa zina ndugu pande zote mbili za mpaka, na zina utaratibu wao: mwili usipoweza kurudi, wale aliokuwa nao marehemu wanatuma kitu kimoja alichokuwa akikitumia, kitu kimoja tu, bila maneno mengi. Inaweza kuwa mkanda, kofia au kikombe chake. Kikifika watu wanakaa matanga, wanalia, wanakizika. Mtu aliye hai hatumi nyumbani kitu chake kimoja kilichotumika. Mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kusoma.

Kwa misiba ya namna hiyo Mwalimu alitunga wimbo mwenyewe, wa waliolala mbali. Unaanza na sauti ya nne peke yao, sisi tunaingia juu yao, na mwisho sauti ya kwanza wanapanda mpaka unahisi paa litanyanyuka. Alikuwa akiuongoza macho yamefumba. Nimeuimba kwenye nyumba nyingi, na sijauzoea.

Halafu siku moja likapita lori, dereva akasimama kwenye duka la jirani yake Mwalimu, akatoa mfuko wa plastiki. Akamwambia mwenye duka, "Mpe mwalimu wa kwaya. Unatoka kwa kijana wake." Foleni ikasogea, naye akaondoka. Ndani ya mfuko kulikuwa na kiko.

Kijana wake alikuwa mmoja tu. Alitoka hapa kuwa utingo kwenye malori ya Zambia, mchekeshaji, sauti ya tatu safi ambayo baba yake hakuwahi kuisifu akiwepo. Simu zake zilikuwa zimeanza kuwa chache, halafu zikakoma. Mkewe Mwalimu alikipokea kile kiko, akapitisha kidole gumba chini ya mdomo wa kiko, pale mvutaji anapong'ata, akaketi sakafuni. Pale kulikuwa na alama za meno. Vishimo viwili vimekaribiana, kisha pengo, kisha kishimo kingine. Kijana yule alivunjika jino la chini utotoni, alipoanguka na baiskeli ya baba yake.

"Kipande cha jino hili nilikiokota mimi kwenye vumbi," mama alisema. "Msinifundishe."

Wazee wa ukoo walikuja jioni ile wakiwa na mikeka. Mwalimu akawafungia mlango. Akasimama nje na kile kiko mkononi, akawaambia mwanawe yuko hai, ametuma zawadi, na kama hawana kazi waende wakapalilie. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole ni zawadi gani hiyo iliyotumika. Akajibu kwamba imetumika, ndiyo, na Mwingereza. Imenunuliwa imeshatumika. Hayo meno ni ya Mwingereza.

Kuanzia hapo akawa mtu wa viko vya Uingereza. Mwanzoni tulidhani ni wazimu wa wiki mbili. Alimuuliza mchungaji aliyewahi kusoma huko, akamfuata mzee aliyekuwa msimamizi wa shamba la kahawa la wazungu kule Mbozi, akawabembeleza vijana wenye simu kubwa wamtafutie habari. Na alikuja kwangu, kwa sababu mimi nauza vyombo vya mtumba karibu na mpaka. Nina pasi za umeme, fremu za picha, fimbo za kutembelea, bilauri. Viko navyo huja kwenye belo mara mojamoja, vikiwa vimejichimbia kati ya vijiko. Nilikuwa nawauzia akina bibi wa vijijini, wanaopenda kiko kuliko watoto wao wanavyojua.

Alikuwa anaketi kwenye kigoda changu, anafungua leso, ananifundisha biashara yangu mwenyewe.

"Sikiliza, Sauti ya Pili. Huu mti si wa Uingereza. Kule hauoti. Ni kivimbe kinachoota ardhini, kati ya shina na mizizi ya kichaka fulani, kwenye nchi zinazoizunguka ile bahari iliyo kati yetu na Ulaya. Algeria, Italia, Ugiriki. Wanakichimba, wanakichemsha, wanakikausha muda mrefu, ndipo kinapelekwa London kuchongwa. Ndiyo maana moto haukiunguzi."

"Sasa mbona kinaitwa cha Uingereza?"

"Kahawa ya Mbozi ikifika kwao inaitwa ya nani?"

Akanionyesha maandishi madogo ubavuni, yamelika: yanasema kimetengenezwa London, na juu yake jina ambalo nusu yake imefutika. Akasema jina lile lisinibabaishe. Viwanda vya huko vilikuwa na desturi yao. Kiko kikitoka kwenye mashine bila doa, kinapigwa jina kubwa la kiwanda na kinauzwa kwa mabwana. Kikikutwa na kitundu, au kichanga kilichomezwa na mti ulipokuwa unakua, hawakitupi. Wanakiziba kwa udongo wa kuzibia, wanakipaka rangi nzito kidogo, wanakipiga jina jingine la kubuni au la duka fulani, na kinauzwa kwa bei ambayo karani anaiweza. Mti ni ule ule na fundi ni yule yule. Kwa kuvuta, hakina tofauti na ndugu yake wa bei kubwa.

"Hiki ni cha karani," akasema. "Tazama hapa, udongo umebanduka. Udongo haubanduki kwa mwaka mmoja. Ni joto la miaka mingi. Na huu mdomo ni mpira mgumu, ulikuwa mweusi. Tazama ulivyogeuka rangi kama maji ya mlenda. Ni jua na mwanga wa miaka. Sasa niambie, wewe ni mtu wa mitumba. Kimetumika kabla ya mwanangu, au hakikutumika?"

"Kimetumika sana, Mwalimu. Pengine kabla hajazaliwa."

"Na meno?"

"Meno siwezi kujua."

Alikuwa anachukua nusu ya kwanza ya jibu langu, anaifunga pamoja na kiko kwenye leso, anaondoka. Baada ya muda atarudi, atauliza vile vile, nami nitajibu vile vile. Nilimwonea huruma mpaka nikawa nakasirika. Kuna siku niliona koti lake likija kwa mbali nikajifanya nahesabu bilauri. Alisimama pale pale mpaka nikamaliza.

Mwingereza wake alizidi kunenepa kila mwaka. Kwanza alikuwa mtu tu. Baadaye akawa karani wa mgodi kule Kitwe, Zambia. Akapata hasira za karibu, ndiyo maana aling'ata kiko. Akapata meno mabovu kwa sababu ya kupenda sukari, na moja likang'oka, tena la chini. Akastaafu, akarudi kwao, vitu vyake vikauzwa mnadani, kiko kikazunguka sokoni mpaka kijana mmoja Mtanzania, utingo, akakiona, akamkumbuka baba yake. Mwalimu alikuwa anaisimulia hadithi hiyo kwa utulivu wa mtu anayesoma matangazo kanisani, huku kidole gumba kinapita kwenye vile vishimo, kinarudi, kinapita.

"Lakini wewe huvuti," nilimwambia siku moja. "Mwanao anajua unavyochukia moshi. Angekununulia kiko cha nini?"

Akakigeuza kiko mkononi. "Ni mchekeshaji," akasema.

Na alimtafuta, msidhani alikaa tu. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga ile namba, akasikiliza yule dada wa kwenye simu akisema haipatikani, akamsikiliza mpaka mwisho. Alivuka mpaka hadi Nakonde kuwaonyesha madereva kiko, akafika mpaka Kitwe na nauli ya kuchangiwa. Mara moja mtu wa Chitete alimwambia kuna utingo wa zamani amerudi, analima mpunga Kamsamba, aliwahi kufanya kazi na kijana wa Chapwa mwenye jino lililovunjika. Mwalimu alishuka Kamsamba kwenye lile joto akiwa na koti lake lile lile. Alirudi midomo imepasuka. Yule utingo alikuwa ameshahama, na jirani zake hawakujua amekwenda wapi. Alipotuambia mazoezini alisema, "Basi, sauti ya kwanza, ukurasa ule ule," na tukaimba vibaya sana siku hiyo, naye hakutukosoa.

Wimbo wa waliolala mbali aliufuta. Familia ikifiwa na mtu wake huko nje ikauomba, Mwalimu alijibu, "Ule tumeusahau." Sisi tumesimama nyuma yake, watu wazima, tunatazama viatu. Kwaya haisahau wimbo. Tulikuwa tunauimba tukifua, tukipukuchua mahindi, na tukimwona anapita tunanyamaza.

Aliyeumia zaidi ni mkewe. Tangu siku ile alivaa nguo nyeusi na kulala kwenye mkeka, chumba kile kile ambamo mumewe alilala kitandani. Hawakugombana mbele za watu. Alimpikia, alimpigia pasi lile koti, akamwekea kiko mfukoni kwa mikono yake. Lakini msiba ambao haujakaliwa hauna siku ya kuondolewa. Nguo nyeusi zilichakaa akashona nyingine. Hakwenda harusi ya mtu, hakuimba, hakula nyama. Mwaka jana akaanza kuvimba miguu, hospitali wakasema ni moyo, akarudishwa nyumbani na dawa. Nilipokwenda kumwona alinishika mkono kwa nguvu ambayo sikuitegemea.

"Wewe anakusikiliza," akasema.

"Mama, hanisikilizi mimi wala mtu yeyote."

"Mwambie nataka mwanangu aimbiwe kabla sijaimbiwa mimi. Sitaki kumkuta huko akaniuliza mbona hamkunililia."

Nilitoka pale nikalia nyuma ya jiko lao kama mtoto. Nilimpelekea Mwalimu ujumbe ule neno kwa neno. Alikuwa amekaa uani, amegeuza mgongo kwa dirisha la mkewe. Akaniambia ule udongo wa kuzibia, kuna mtu amemweleza, siku hizi hawautumii tena wa namna ile. Hicho ndicho alichonijibu.

Siku ninayotaka kuisema ilikuwa ya mavuno ya mahindi, asubuhi yenye vumbi. Kwenye kibanda changu alikuwa amekaa mzee mmoja Mzambia, mnunuzi wa mchele, anasubiri magunia yake ya Kamsamba yavushwe. Nilikuwa nimebandika maji ya chai. Mzee anavuta kiko taratibu, moshi unapanda, nami nikamwona Mwalimu anakuja nikasema moyoni leo kutachimbika.

Hakukuchimbika. Alisimama, akautazama moshi, akakitazama kiko cha yule mzee. Akaketi bila salamu. Akafungua leso.

Mzambia alichangamka kama mtu aliyekutana na wa kwao ugenini. "Ah, mudala, muzee wangu, iyi ni ya London." Akakipokea kwa mikono miwili, akakielekeza kwenye mwanga. "Muti muzuri sana. Si ile ya bei mubaya. Ya katikati, ya kutumikia watu. Hapa walijaza kidogo, munaona? Hakuna neno. Nilikuwa na ndugu yake hii, miaka mingi, ilivuta vizuri kushinda ya bosi wangu."

"Ni cha zamani," Mwalimu akasema.

"Ya zamani sana, mukwai," akajibu kwa heshima ya kwao.

Mwalimu akanigeukia. Nilimwona usoni jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa miaka. Alikuwa karibu kutabasamu. Mwishowe mtu anayejua alikuwa amekubali. "Na aliyeking'ata ni Mwingereza wa zamani," akasema.

Mzee akapitisha kidole chini ya mdomo wa kiko, akacheka. "Huyu alikuwa na njaa. Lakini ni kitu kidogo. Mupira huu, ukiutia mu maji ya moto, unarudi kama ulitoka dukani. Mashimo yote yanapanda yenyewe. Mama, niazime hayo maji yako."

Alikuwa mtu mwema, alitaka kumfurahisha mzee mwenzake. Akazungusha, akauchomoa mdomo kutoka kwenye kichwa cha kiko, na kabla sijafikiri akautumbukiza kwenye sufuria. Akachutama kuangalia. Mwalimu naye aliangalia, shingo imenyooshwa. Mvuke ulikuwa unapanda kati yao.

"Munaona? Kile cha pembeni kimeanza kupanda. Dakika kidogo tu, Mwingereza wako anaondoka."

Mwalimu aliingiza mkono kwenye sufuria.

Hakupiga kelele. Mimi ndiye niliyepiga kelele. Aliingiza mkono wote kwenye maji yanayochemka, akautafuta ule mdomo wa kiko chini, akautoa, akaukumbatia kifuani kwenye koti pamoja na mkono wake uliokuwa umekwisha kuwa mwekundu. Sufuria ikamwagika, moto ukazimika. Mzambia alirudi nyuma, kofia mkononi, anaomba radhi, pepani mudala, pepani, bila kujua amekosa nini.

"Usimtoe," Mwalimu akasema. "Usimtoe mwanangu. Hayo ni meno ya mwanangu."

Nilimshika mkono nikaumiminia maji baridi ya kwenye ndoo, yote, na nikaendelea kuushika hata maji yalipokwisha. Hakujali mkono. Kwa ule mwingine alikuwa anautafuta ule mdomo wa kiko kwa gumba, haraka haraka. Kishimo cha pembeni kilikuwa kimepungua kina. Vile viwili vilikuwepo. Pengo lilikuwepo. Akalipata, akatulia hapo, na machozi yakaanza kumtoka mzee yule ambaye alikuwa amewaimbia wafu wa mji mzima akiwa na macho makavu.

"Mama yenu ameamka?" akaniuliza.

"Nilipita kwenu alfajiri, Mwalimu. Nimemwacha ameamka."

"Waambie wazee waje na mikeka yao. Na kwaya ije. Wote. Hata yule wa besi niliyemfukuza, mtafuteni."

"Tuimbe nini?"

"Ule tuliousahau."

Nikamwambia sawa. Nilikuwa namfunga mkono kwa ile leso yake, kwa sababu sikuwa na kitambaa kingine safi. Nilipomaliza fundo akanishika kwa mkono mzima.

"Lakini uanzieni chini," akasema. "Chini kabisa, Sauti ya Pili. Mimi sitaweza kupanda."